Mashina Tisa ya Muhogo

Nilinunua gari nikiwa mwanamke mtu mzima, miaka arobaini na ushei, na kaka yangu alilichukia tangu siku ya kwanza. Ni gari fupi, kongwe, la kijani, lakini lina sifa moja iliyonitoa akili: linavuta kwa magurudumu yote manne.

Mimi ni fundi cherehani, mtaa wa Mlandege, mjini. Nikiwa nashona, simu naiegesha kwenye kopo la nyuzi na kutazama watu wakipandisha magari majabali mekundu huko kwenye majangwa ya wenzetu. Moyo unanienda mbio, nashona mkono wa kanzu upande usio wake. Jangwa sisi hatuna. Maweni tunayo, ile nchi ya upande wa mashariki ambako kisiwa kizima ni jiwe lililochongoka, na udongo mwekundu umejificha kwenye vishimo tu. Nikasema, basi hapo ndipo pangu.

Kaka ndiye aliyenifundisha kuendesha, na ameendesha malori umri wake wote. Akanipa sharti moja.

"Utavuka njia ya maweni mpaka pwani, wewe mwenyewe. Ukinipa usukani hata mara moja, gari tunalirudisha kwa alokuuzia."

Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Ndivyo nilivyo.

Jumapili asubuhi tukashika njia ya Mkokotoni, mbele tukakata kulia. Lami ikaisha, kikaja kifusi, nacho kikaisha. Nikavuta ile gia ndogo ya ubavuni, nikayasikia magurudumu ya mbele yakishika. Jamani! Gari lililokuwa likikohoa kule mjini Darajani lilibadilika likawa mnyama. Mawe yametoa meno kama mbuzi ya kukunia nazi, nasi tunapanda, tunashuka, tunainama upande, chini kunagonga, kaka amening'inia kwenye mshikio wa juu ya mlango, na mimi nacheka peke yangu.

Mbinu yangu ilikuwa rahisi. Kila nilipoona kishimo cha udongo mwekundu kati ya mawe, gurudumu nililipeleka huko, kwenye ulaini, nikiyaonea huruma matairi. Kulikuwa na vijiti vijiti vya majani, nikaviona ni kichaka tu. Kaka mwenyewe alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Hapo sawa," alisema. Nikavimba.

"Simama! We, simama!"

Bibi mmoja alitokea nyuma ya mawe, kanga kaifunga kiunoni, panga mkononi. Nikazima gari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Teremka uone ulichokifanya."

Nilishuka nikaona. Vile vijiti vilikuwa muhogo. Kule maweni shamba si uwanja uliolimwa ukazungushiwa ua; shamba ni vile vishimo vyenyewe, hapa mashina mawili, pale moja, kila palipo na udongo pana mwenyewe. Na mimi, mtoto wa mjini, nilikuwa nimeyakimbia mawe yote nikapita juu ya chakula cha mtu. Mashina tisa, nimeyahesabu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Kaka naye kashashuka, anazunguka kuja upande wangu. "Basi, yameisha. Nipe usukani nikutoe hapa kabla hujamaliza shamba zima la watu."

Nililitazama gari langu la kijani, na machozi yalikuwa karibu.

"Kwanza apande upya alichovunja," bibi akasema.

Akayakata kwa panga yale mashina niliyoyavunja, vipande vya shubiri moja moja, akanionyesha namna ya kuvilaza mshazari, macho ya kuchipulia yakitazama juu. Nikapiga magoti. Nilichimba kwa vidole, udongo ukanijaa kwenye kucha, na kila nikimaliza kishimo yeye ananisogeza kwenye kingine. Niliposimama mgongo ulikuwa hauninyooki, na kaka alikuwa kashakaa kwenye kiti changu, mkono kwenye ufunguo.

"Shuka," nilimwambia.

"Utavunja zaidi."

Bibi akafika dirishani. "We mwanamme, shuka. Mwenzio keshajua shamba liko wapi. We ulikaa ubavuni pake, nimekusikia ukimwambia sawa."

Kaka alishuka, akarudi kiti cha pembeni. Sikumtazama usoni, maana ningecheka, na kucheka pale ingekuwa balaa.

Bibi akatangulia kwa miguu. "Njia yetu ni jiwe, si udongo," aliniambia. "Tazama lilipokuwa jeupe." Na kweli, mara tu nilipoonyeshwa nikaiona: michirizi miwili juu ya mawe, meno yameliwa na magurudumu ya magari ya ng'ombe yanayobeba kuni. Nikapanda juu yake. Gia ya kwanza, mguu mwepesi, tairi juu ya jiwe, jiwe hadi jiwe, na gari halikugonga tena hata mara moja!

Mwisho kulikuwa na ngazi ya jiwe, urefu wake karibu kufika gotini. Bibi aliipanda akasimama juu, akanionyesha kwa kiganja: huku, huku kidogo, njoo. Pua ya gari iliinuka nikawa naona mbingu tupu. Klachi ikanuka. Nikapiga bismillahi, nikakanyaga, magurudumu ya nyuma yakateleza, yakashika, tukatua juu kwa kishindo, na bahari yote ikawa chini yetu. Nilipiga vigelegele peke yangu mle ndani kama niko harusini.

Bibi alikuwa na pakacha la pilipili la kupeleka kijijini pwani, akakaa mbele, pembeni yangu. Kaka akaenda nyuma, pakacha magotini, anapiga chafya. Tulipofika kwenye nyumba za mwanzo bibi aliteremka akalipokea pakacha lake.

"Mwezi ujao nnang'oa muhogo upande wa pili. Utakuja kunichukulia, au ndo gari ushaliuza?"

Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka nyuma yangu.

"Atakuja, bibi. Gari lake hili halirudi kwa alomuuzia."

Nilisikia vizuri sana, lakini nilimwambia arudie.