Mkonge wa Nyuma ya Reli

Maulid alikata mkonge miaka kumi na tisa katika shamba moja karibu na Korogwe, na kidole gumba chake bado kina kovu la mwiba. Sasa anaishi ng'ambo, mtaa wa Stechford, kwa binti yake, Zuleha, na kumbukumbu zinamtoka kama maji kwenye pakacha. Mara mbili ameokotwa mtaa wa jirani, Saltley, hajui kwao ni wapi.

Aliposema kwamba nyuma ya reli, penye vifusi, pameota mkonge, Zuleha alicheka bila furaha. Mkonge, katika baridi hii? Alikuwa amekwisha kuamua kumnyang'anya ufunguo wa mlango. Walibishana mpaka chai ikapoa, wakaafikiana waende kuutazama. Ukiwa mkonge kweli, ufunguo ubaki kwake. Usipokuwa, autoe, asitoke tena peke yake.

Walikwenda na manyunyu. Mmea ulikuwapo: majani marefu yamechomoza kati ya matofali kama mapanga, na katikati mlingoti wa maua meupe yaliyoinamisha vichwa. Zuleha, aliyeuacha mkonge akiwa na miaka minne, aliutazama juu mpaka chini.

"Ndio huu, baba," alisema taratibu. "Nisamehe. Nilidhani unaota."

Maulid alichutama, akabonyeza ncha ya jani kwa kidole gumba. Ikapinda. Mwiba wa mkonge haupindi. Akapitisha kidole ukingoni, nyuzi nyeupe zilizojisokota zikabaki mkononi. Mkonge hautoi uzi mpaka usagwe mashineni. Kisha akaona kilichommaliza: ubavuni mwa mlingoti mbichi, mlingoti mkavu wa mwaka jana, katika kichaka kilekile. Mkonge huchanua mara moja tu, ukafa. Huu ulichanua, ukaishi, ukachanua tena.

Zuleha alikuwa ameshageuka, akisema wapitie dukani wanunue samaki. Maulid angeweza kunyamaza.

"Si mkonge," alisema. "Huu ni yuka, mmea wa jangwani, wa mbali. Meneja wetu alikuwa nao mmoja bustanini kwake."

"Baba, mimi sioni tofauti."

"Mimi naiona. Macho yalinidanganya, mkono umekataa."

Akapapasa mfukoni, akatoa ufunguo. Zuleha alimwambia aurudishe tu, yaishe. Hakumsikiliza. Aliushika mkono wa bintiye, akauweka ufunguo kiganjani, akamfumba vidole kimoja kimoja, akikaza kama mtu anayefunga tita la mwisho la mkonge kabla ya kengele ya kutoka kazini.

"Tulipatana, mwanangu," alisema. "Haya, nionyeshe njia."