Jina la Mtalaka Haliondoki

Mtaani walimwita Mama Bobini, na kwa kutengeneza cherehani hakuwa na mpinzani. Mashine iliyowashinda mafundi wengine ililetwa kwake imefungwa shuka kama mgonjwa, na jioni ikarudi kwao inashona. Alichokijua hakukificha. Kwa miaka tisa alikuwa akiandika kwenye tovuti yake, ukurasa mmoja kwa kila ugonjwa wa mashine, na picha alizopiga mwenyewe juu ya meza ya kazi. Kurasa zilifika mia mbili na kumi na mbili. Mshonaji akiuliza mtandaoni kwa nini cherehani yake inaruka mishono, jibu la kwanza lilikuwa la Mama Bobini.

Ila anwani ya tovuti ilibeba jina la mume. Ndoa ilipovunjika, mwanamume alibeba kabati na redio, jina lake akaliacha pale. Mama Bobini alivumilia miaka miwili, kisha akasema basi. Akasajili anwani mpya yenye jina lake mwenyewe, na kazi ya kuhamisha akampa mtaalamu mmoja wa tovuti mwenye ofisi juu ya duka la vioo.

"Wiki moja tu, dada," mtaalamu akamwambia. "Atakayefungua anwani ya zamani atapelekwa kwenye mpya bila hata kujua."

Wiki ya tatu, wageni waliokuwa wakifika mia nne kwa siku walibaki thelathini. Mama Bobini akaingia kwenye injini ya kutafuta, akaandika yeye mwenyewe: cherehani inaruka mishono. Ukurasa wa kwanza wa majibu, hayumo. Wa pili, hayumo. Kwenye wa tatu akajikuta, na jina lililokaa juu ya kazi yake ni lile lile la mume. Akaifunga kompyuta kwa kishindo, kopo la sindano likapinduka.

"Injini inahitaji muda," mtaalamu akasema kwenye simu.

"Muda gani?"

"Muda tu, dada. Subira yavuta heri."

Dada yake mkubwa, aliyekuwa akishona pindo kwenye kona, akacheka mpaka uzi ukamtoka. "Mwenzangu, hata huyo mume mwenyewe hakukusumbua hivi alipokuwa humu ndani!"

Mama Bobini akainama, akaokota sindano moja moja.

Siku mbili baadaye alipigiwa simu na mshonaji wa mbali asiyemjua. "Fundi, nimebonyeza ukurasa wako wa kuruka mishono, nikaletewa picha yako unatabasamu. Nikabonyeza wa mkanda kulegea, picha yako tena! Mama, mimi sikutafuta meno yako. Nina gauni la bibi harusi hapa."

Mama Bobini akamwelekeza kwa mdomo namna ya kubadili sindano. Kisha akajaribu viungo kumi vya kurasa za zamani, kimoja kimoja. Vyote vilimtupa kwenye ukurasa wa mbele. Akavua aproni, akapanda ngazi za duka la vioo.

"Kurasa zangu zote umezipeleka mlango mmoja?"

"Si wakishafika kwako watatafuta wenyewe?"

"Aliyekuja kuuliza mkanda, akikuta picha yangu anageuza. Na hiyo injini je?"

Mtaalamu akakuna kisogo, akaanza kusoma maelezo aliyopaswa kuyasoma tangu mwanzo. Injini ikikuta kurasa mia mbili zinaangukia ukurasa mmoja usiofanana nazo, huzihesabu kuwa zimekufa. Na kulikuwa na kosa la pili: alikuwa ameandika kwamba uhamisho huo ni wa muda, si wa kudumu. Ndiyo maana injini iling'ang'ania jina la zamani, ikidhani mwenyewe atarudi.

"Wa muda?" Mama Bobini akashika kiuno. "Nani kakwambia nitarudi?"

Safari hii hakumwachia. Siku tatu aliandika orodha kwa mkono wake, ukurasa wa zamani kushoto na mwenzake mpya kulia, huku mashine za wateja zikirundikana mlangoni. Mtaalamu akaiingiza yote, akaweka uhamisho wa kudumu. Kisha ikabaki kungoja, jambo ambalo Mama Bobini hakujaliwa.

Baada ya wiki nane, ukurasa wa kuruka mishono ulirudi juu ukiwa na jina lake. Wageni wakafika mia mbili na hamsini. Kurasa arobaini bado zilionyesha jina la mume.

"Na anwani ya zamani usiiachie," mtaalamu akamwonya. "Angalau mwaka mzima. Ukiiachia, njia zote zinakatika."

Tarehe ya kuisajili upya ilipofika, fomu ilimtaka aandike anwani nzima kuthibitisha. Akaiandika herufi kwa herufi, jina lote la yule bwana, akabonyeza ndiyo.

"Una nini?" dada yake akauliza.

"Nina hasira," akajibu, akavuta cherehani ya mteja aliyesubiri tangu asubuhi, akaanza kufungua skrubu.