Sindano na Mnyama Asiyeshikika

Mtaani walimwita Sindano, na hakuna aliyeuliza kwa nini: alikuwa mwembamba, alishona, na ulimi wake ulichoma. Yeye na dada yake mkubwa walikuwa na duka la kushona mapazia na mahema. Dada alikata, Sindano alishona. Baba yao ndiye aliyewagawia hivyo wakiwa wasichana, na mgawo huo haukuguswa tena. Mteja akimwomba Sindano amkatie hata utepe, jibu lilikuwa moja: "Subiri mwenye mkasi arudi."

Dada alipovuka miaka hamsini, akaposwa na mwashi mjane aliyekuja kuziba nyufa za ukuta wa duka. Sindano alicheka akidhani ni utani. Kisha akaona mwenzake hacheki.

"Utaolewa na uzee huu?"

"Niolewe na upi? Ujana wote nimekukatia mapazia wewe."

Harusi ikapita, dada akahamia kwa mumewe ng'ambo ya mji. Sindano hakwenda kumtazama hata mara moja. Akabaki dukani akipokea zipu na pindo, kazi zisizohitaji mkasi mkubwa. Walioagiza mapazia aliwaambia kitambaa kimeadimika.

Hapo ndipo akaja mhifadhi wa makumbusho ya bahari, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitandaza picha mezani.

"Huyu si konyeza?" Sindano aliuliza. Aliwajua konyeza, wale wa ute wanaowasha waogeleaji.

"Anafanana naye, lakini siye. Huyu ni wa bahari kuu, na anaweza kuwa mrefu kuliko duka lako mara kadhaa. Ukimtazama utasema ni mnyama mmoja. Kumbe ni wengi, wameungana kwenye shina moja. Hawa wenye umbo la kengele wanaogelea, wanawavuta wengine. Hawa wanakula. Hawa wanawasha. Na hawa kazi yao ni kuzaa."

"Anayeogelea tu anakula nini?"

"Analishwa. Wenzake wakila, chakula kinapita shinani kinamfikia."

"Akikatika?"

"Hadumu."

Sindano akageuza picha, akaitazama tena. "Kwa nini msimweke mwenyewe kwenye chupa?"

"Wavu ukimgusa tu anasambaratika. Tunaletewa vipandevipande. Ndiyo maana nataka wa kitambaa, tumning'inize ukumbini watu wamwone mzima."

Sindano alikubali kabla hajafikiri. Mhifadhi alipoondoka ndipo akakumbuka kwamba kila kengele ni vipande vya neti vya kukatwa, na kengele zilikuwa nyingi kama nini. Akautoa mkasi mkubwa, akajaribu. Neti ikateleza, ikajikunja, ikachanika. Alizoshona zilitoka kama soksi zilizotafunwa na panya. Jora zima la neti likaisha. Akakaa kitako juu ya mabaki kwa muda mrefu. Kisha akatia mfukoni kengele chache, akafunga duka, akaenda ng'ambo ya mji.

Mlango ulifunguliwa na mwashi. "Karibu, shemeji," akasema, kana kwamba Sindano alikuwa amekuja juzi tu.

Dada alikuwa jikoni akimenya viazi. Akamtazama toka juu hadi chini.

"Umekonda."

"Nilizaliwa hivi."

"Mfukoni kuna nini?"

Sindano akamwaga kengele zake mezani. Dada akaokota moja, akaiinua kwenye mwanga, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kiganja. Sindano alisimama akiwa amenuna. Kicheko kilipokwisha, dada alinawa mikono.

"Nitakukatia. Lakini hapa kwangu. Dukani sirudi."

"Nani kakuambia urudi?"

"Macho yako. Na nusu utakata mwenyewe. Mimi nimezeeka, na wewe huwezi kushona pindo mpaka uzikwe."

Basi wakafanya kazi chumba cha mbele, mwashi akila uani kwa sababu meza ilijaa neti. Dada alikuwa mwalimu mkali. "Shusha bega! Usikitafune kitambaa. Mkasi uende, wewe ufuate." Kidole gumba cha Sindano kilitoa malengelenge, yakapasuka, pakawa sugu. Walinuniana, wakapatana, wakanuniana tena. Mnyama akarefuka, akatoka mlangoni, akafika uani, mwashi akamfungia kamba asiguse vumbi. Alipoelezwa kazi za kila sehemu, alisema yeye angejiunga na wale wa kula.

Siku ya kumning'iniza, wageni walizunguka chini yake wakiulizana kichwa kiko wapi. Dada hakutafuta kichwa. Aliangalia kengele moja iliyopinda karibu na mkia, akamtupia mdogo wake jicho, akanyamaza. Kutoka kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Hakurudi dukani, kama alivyosema. Sindano alianza tena kupokea mapazia. Wenye macho makali waliona kwamba mkato si ule wa zamani, wawili watatu wakahamia kwingine, wengine wakazoea. Jumapili alikwenda kwa dada yake kula na kubishana.

Mwaka uliofuata mhifadhi alirudi na picha ya nyangumi. Sindano akaitazama, akamrudishia.

"Huyu ni mnyama mmoja tu," akasema. "Mpelekee fundi mwingine, mimi nina mahema ya watu."