Raundi Niliyomwomba Bwana Vigo

Jamani, kila mara mnaniuliza kwa nini ngumi zikianza kutangazwa redioni mimi nainuka naenda kuangalia ng'ombe, hata kama ng'ombe wenyewe wameshalala, na leo nitawaambia, maana wengi walioiona ile aibu kwa macho yao wamekwisha kufa na mimi nimechoka kuibeba peke yangu. Mkitaka kucheka chekeni mapema, kwa sababu mbele huko hapana cha kuchekesha.

Wakati huo Mwingereza bado anatawala, na kiwanda cha simiti pale Tororo ndiyo kwanza kinajengwa. Mimi nilitoka kwetu Iyolwa nikaandikwa kazi ya kuwabebea vyuma mafundi wazungu waliokuja kufunga mitambo, na fundi wangu alikuwa mtu wa Denmaki anaitwa Bwana Vigo (mimi Denmaki nilidhani ni mtaa wa London, na wewe unayecheka hapo, ulikuwa unajua?). Lilikuwa jitu refu, pua imelala upande, masikio yameumuka kama mandazi. Wazungu wenzake hawakumtaka sana, alikula peke yake, alicheka peke yake, na Jumamosi mchana alitukusanya sisi wafanyakazi ndani ya stoo ya magunia akatufundisha ngumi.

Ndipo tukajua kwamba kabla ya ufundi huyu alikuwa bondia wa kulipwa. Alizaliwa bandarini Kopenhagen, baba yake mpakua meli, akapigana kwao mpaka akakosa wa kumweza, akapelekwa Hamburg, akapelekwa London, majina ya mabondia yakawa yanabandikwa ukutani mjini na lake ndilo la juu, mpaka akabakiza pambano moja tu awe bingwa wa Ulaya nzima. Hapo kwenye pambano moja hadithi ilikuwa inakatika. Ukimuuliza ilikuwaje, anasema, "Mimi choka. Mimi kuja Afrika," anavaa kofia yake anaondoka. Tuliona tu kwamba ukimjia kwa kushoto anageuza kichwa chote, kama kuku anayetazama punje, tukadhani ndiyo mtindo wa Denmaki, na wengine wetu (nikiwemo mimi, mjinga mkubwa) tukaanza kuuiga.

Basi ikaja sikukuu ya serikali kule Busia, kutakuwa na ngoma, mpira, mbio za baiskeli, na mtu akatoa wazo kwamba Bwana Vigo aonyeshe ngumi na mmoja wa wanafunzi wake. Nikachaguliwa mimi. Mzungu wa serikali alikubali kwa shida, akamtuma karani wake, mtu mmoja wa Busoga mwenye tai, aje kunipa masharti.

"Othieno, sikia vizuri," karani akasema. "Hii ni maonyesho, si vita. Raundi mbili. Ya pili unaanguka, unalala chini mpaka refa amalize kuhesabu. Mzungu haanguki mbele ya watu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, bwana karani."

Na kweli nilielewa, na ningefanya hivyo hivyo, kama si Nabwire. Nabwire alikuwa binti wa Kisamia pale Busia, tumependana tangu ananiuzia samaki sokoni, lakini baba yake, Mzee Wandera, alikuwa hataki hata kusikia jina langu. Anasema mtu wa kabila lingine, Mjapadhola, tena wa vumbi la simiti, atamtunzaje mtoto wangu? Nabwire alimbembeleza mpaka akakubali kuja uwanjani anione. Asubuhi ya sikukuu nikamwona kweli, amekaa benchi la mbele na fimbo yake katikati ya magoti, na nyuma kidogo, kwenye kundi la wanawake, mama yake Nabwire amejifunga leso kichwani. Mnajua kwetu huku na mama mkwe hata mkono hampeani, njia moja mkikutana mmoja anaingia majanini. Moyo wangu ukasema: sasa huyu mzee ametembea kutoka kwake kuja kuniangalia nikilala chini raundi ya pili?

Nikamwendea Bwana Vigo. Nikamwambia, "Bwana, niongezee raundi moja. Nitaanguka ya tatu. Mkwe wangu yuko pale."

Akawatazama watu, uwanja umejaa, wengine wamevuka kutoka upande wa Kenya, kelele hata hatusikilizani. Uso wake ulibadilika, ukawa wa kijana. Akacheka, akanipiga begani. "Ya tatu," akasema. Hakunikatalia hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma.

Raundi mbili zikaenda vizuri ajabu. Ananigusa, namgusa, watu wanashangilia, na nilipochungulia nikamwona Mzee Wandera ameitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu anayesema, aa, huyu si mtu bure. Karani pale pembeni ananikodolea macho kwa nini sijaanguka. Mimi najifanya simwoni.

Ya tatu ilipoanza kaptura ikalegea. Ilikuwa ya Bwana Vigo mwenyewe, ya hariri, alikuwa ameivaa Hamburg, akaniazima kwa heshima, nami nilikuwa kijiti tu, nimeikaza kwa kamba ya katani. Kamba imekatika. Sasa niambieni, mtu amevaa glavu mikono yote miwili, anafungaje kaptura? Nikabana kiwiko cha kushoto kiunoni, nikarudi nyuma, nikasema, "Bwana, ngoja! Ngoja kidogo!" Watu wakaanza kuangua kicheko, wakinamama wanajifunika uso, watoto wanaruka.

Lakini Bwana Vigo hakunisikia. Nilimtazama usoni nikaona hayuko Busia. Macho yako mbali, mdomo unasema maneno ya kwao, na ngumi zinazokuja si zile za stoo. Ya kwanza ilinipasua mdomo, ya pili ilinitoa pumzi. Kiwiko kikaachia. Kaptura ikashuka mpaka miguuni, nami katika kutaka kumzuia tu asinikaribie nikarusha mkono wa kulia. Haukuwa na nguvu, naapa. Mtu yeyote angeukwepa. Ulimjia kwa kushoto na yeye hakugeuza kichwa, ukampata penye sikio, akaenda chini mzima mzima, na kichwa kikapiga nguzo ya ulingo.

Uwanja ulipiga kelele moja ambayo sijapata kuisikia tena. Mwafrika amemwangusha mzungu! Kofia zinarushwa juu. Nami niko katikati, uchi kama siku niliyozaliwa, mbele ya mkwe wangu na mkewe, nimeziba mbele kwa glavu mbili, nasubiri ainuke anicheke. Hakuinuka. Kelele zikapungua, zikapungua, mpaka ukawa unasikia bendera inavyopigwa na upepo. Mzungu wa serikali alikuwa amesimama, mwekundu. Askari wakapanda ulingoni wakanikamata vile vile nilivyo, wakanipitisha katikati ya watu mpaka mahabusu, na sasa hakuna aliyecheka, kila mtu alitazama chini.

Jioni nikiwa nimejikunyata kwenye sakafu, mlango ukafunguliwa, akaingia Mzee Wandera. Alinitupia shuka bila kunitazama.

"Jifunike. Mtu halali hivyo."

"Asante, Baba."

"Usiniite baba." Akajiegemeza kwenye fimbo yake. "Mke wangu amekuona. Hilo halioshwi na mbuzi wala ng'ombe. Wewe si mtu mbaya, nimeona, lakini Nabwire usimtafute."

Sikumtafuta. Aliolewa ng'ambo, upande wa Kenya, na nasikia alipata watoto wazuri.

Mimi nilitolewa baada ya Bwana Vigo kupata fahamu, kwa sababu alipoulizwa aliwaambia kwamba nilifanya nilichofundishwa na kosa lolote ni lake. Kazi nilifukuzwa hata hivyo. Siku aliyopakiwa kwenye treni arudishwe kwao nilikwenda stesheni ya Tororo, nikasimama mbali, nikiogopa. Alikuwa amekaa juu ya sanduku lake, kitambaa kimezungushwa kwenye macho yote mawili. Nikajikaza nikamsogelea, nikamsalimu. Akanyoosha mkono hewani kunitafuta.

"Othieno?"

"Ni mimi, Bwana."

"Jicho moja kufa zamani," akasema polepole. "London. Daktari nasema, wewe piga ngumi tena, lile lingine pia nakwenda. Mimi kuficha. Huku hapana mtu najua." Akaushika mkono wangu, akawa anapapasa vidole kama anayechagua mahindi. "Pale chini mimi nasikia watu, kelele mingi. Mimi fikiri ni kwetu. Mimi fikiri nimeshinda."

Nilitaka kumwambia nisamehe, lakini wahudumu wa treni waliwahi. Wakamwinua, wakamshika huku na huku, mguu wake ukawa unatafuta ngazi ya behewa, unaikosa, unatafuta tena.

Basi ndiyo hiyo. Tangu siku hiyo sijamwinulia mtu ngumi, hata aliyenikosea sana, na mahali popote nikiambiwa, "Inatosha, Othieno, keti," mimi naketi hapo hapo, wala sigeuki kuangalia nani ananitazama.