Korongo Mwenye Vinyama vya Mbuzi

Kwelea kwelea walimaliza jaruba zima la mpunga Editha akiwa amesimama palepale, debe la kugonga mkononi, mdomo wazi. Mama mkwe wake, Marselina, alipofika na kukuta mashuke matupu, Editha alisema ukweli: alikuwa anamtazama ndege.

"Si ndege haohao uliokuja kuwaamia?"

"Huyu mwingine, mama. Mrefu kama mtoto wa darasa la pili, shingo nyeupe pee. Na kidevuni vinaning'inia vinyama viwili, kama vya mbuzi."

"Mbuzi kaota mabawa! Mama Loveth, ukisinzia, sema umesinzia."

Neno hilo likaenea kijiji kizima cha Mvumi. Ditram, mumewe, naye alicheka, na kicheko chake kikamuuma Editha kuliko vya wengine wote. Ni Beda tu, kaka yake anayetembeza wageni hifadhini Mikumi, aliyepaza sauti kwenye simu: "Korongo huyo? Huku wageni wanamuulizia, hatuna wa kuwaonyesha! Tafuta mtu amwone, dada, kabla hajaondoka."

Kila alfajiri Editha alimfunga mwanawe Loveth mgongoni, akafuata mfereji, akichungulia kwenye matete. Nyayo aliziona topeni, pana kuliko kiganja chake. Mwenye nyayo, hayupo. Na angetuliaje, huku debe, kule mluzi? Hata Editha mwenyewe, kwelea wakitua, ilimbidi apige ukelele, akijua kila ukelele unamfukuza shahidi wake.

"Mama Loveth, mbuzi wako hajazaa tu?" waliuliza wa ng'ambo ya mfereji.

Editha akakaa tutani kumnyonyesha mtoto. "Wewe ulimwona," akamnong'oneza. "Basi tu, hujajua kusema."

Asubuhi moja ya mawingu, huyo hapo, jaruba la mwisho, anadonoa taratibu. Editha alirudi kinyumenyume, kisha akakimbia hadi nyumbani.

"Mama, njoo. Sasa hivi!"

Marselina akaja na kombeo lake. Shambani hakuwahi kwenda bila hilo. Wakanyata. Editha akatenganisha matete. Korongo akainua kichwa, vinyama vikatikisika.

"Hoooo! Hoooo!"

Donge la tope likavuma kutoka kwenye kombeo la Marselina. Mabawa mapana ya kijivu yakakunjuka, yakapita juu yao, yakaelekea mto Mkondoa.

"Mama! Ndiye huyo!"

Marselina alibaki akiutazama mkono wake. "Ndege kwenye mpunga, mwanangu... Mkono umeenda wenyewe."

"Lakini umemwona?"

"Nimemwona," alisema kwa shingo upande.

Jioni, Ditram hata hajanawa, mama yake akaanza. "Leo nimeona kitu! Korongo, shingo nyeupe, ana vinyama kama mbuzi. Hata marehemu baba yako hakuwahi kumwona."

"Kweli, mama? Wapi?"

"Jaruba la mwisho. Kwa macho yangu haya."

"Kumbe wapo!" Ditram akatikisa kichwa kwa mshangao.

Editha akaweka bakuli la mboga chini kwa kishindo. "Si nilikwambia?"

"Ulisema, ndiyo," Ditram akajibu, akimega ugali. "Lakini mama kaona."