Kipande cha code nilichokihamisha toka Ngara kwenda Biharamulo, na matenki yaliyokauka

Wakuu, habari za humu. Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara nyingi. Leo nauacha. Chumvi sijaongeza, na jina la shirika msiniulize.

Mimi ni Muhangaza wa Kanazi, hukohuko Ngara. Miaka ya wakimbizi, nikiwa nimetoka chuo, nilipata kazi ya kupanga ratiba ya maboza ya maji kwenye kambi moja ya Ngara.

Nilitumia genetic programming. Kwa wasioijua: programu huandiki wewe. Kompyuta inatunga programu ndogondogo kwa kubahatisha, unazipima, dhaifu zinakufa, nzuri zinachanganywa zizae nyingine. Vizazi na vizazi.

Kompyuta yetu ilikuwa kobe. Nikairuhusu itunze vipande vilivyofanya vizuri, programu mpya ziviite na kuvitumia ndani yake badala ya kuanza upya.

Kipande kimoja kilikuwa moto. Kilisoma mita za mabomba ya kuchotea kwenye kila tenki na kuamua tenki lipi lina shida. Mita ikisimama, basi mabomba yamefungwa kwa matengenezo, boza liende kwingine. Kwa Ngara ilikuwa sahihi, maana matenki yetu yalijaziwa pia na chemchemi, hayakuwahi kukauka.

(Hakuna aliyekifundisha hivyo. Kilijifunza chenyewe. Ukikifungua ni mabano juu ya mabano, na mimi sikuhangaika kuyasoma.)

Nikahamishiwa kambi ya Biharamulo. Bosi akataka ratiba ndani ya wiki. Nikakibeba kile kipande kama kilivyo, nikapima kwa takwimu za masika, matokeo safi. Nikapongezwa, kichwa kikavimba.

Kiangazi kikaingia, mvua ikakata, na kule chemchemi hakuna, ni maboza tu.

Asubuhi moja akaja ofisini mzee Laurenti, mkimbizi wa Burundi, mlinzi wa tenki la mtaa wa mwisho kambini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Boza halijaja, leo siku ya tatu."

Nikaangalia kompyuta. "Mzee, huku inaonyesha kwenu hakuna anayechota maji."

Akanitazama. "Ni kweli hakuna. Tuchote nini?"

Wakuu, hapo ndipo nikaelewa. Tenki limekauka, mita imesimama, programu inaona hawana shida. Kadiri walivyokosa maji ndivyo ilivyozidi kuwaruka.

Nikafungua code. Kile kipande kilikuwa kimeitwa sehemu kumi na moja. Na tenki halikuwa moja. Yalikuwa matano.

Maboza yaliondoka siku ileile, kwa ratiba niliyoandika kwa kalamu. Lakini watu walishashuka bondeni kuchota ya madimbwi. Kuhara kukaanza. Wa kwanza kufa alikuwa Bibi Spesioza, mke wa mzee Laurenti. Wakafuata wengine.

Nilienda msibani. Mzee akasogea nikae karibu naye, akanishukuru kwa kuleta maji.

Sikumwambia.

Ripoti ikaandikwa "hitilafu ya mita". Nikasaini. Baadaye kambi ikafungwa wakarudi kwao, sijui kama mzee yu hai.

Nilichojifunza: kipande kinachofanya kazi vizuri kimebeba na mazingira ya kilikozaliwa. Kabla ya kukihamisha kifungue, ukielewe, hata kama bosi amesimama mlangoni. Na data ikikaa kimya, vaa viatu ukaangalie.

Maoni nitayasoma yote, hata ya kunilaani.

Na kama humu kuna mtu aliyekaa mtaa ule: mita zenu zilikuwa nzima.