Mpagani Aliyebatiza

Hapa kwetu wapo wanaosema nilibatiza mtoto wa jirani yangu kwa kiburi. Kiburi ninacho, sikatai, lakini siku ile nilikuwa na kazi.

Tulikuwa tumehamishiwa vijijini, nyumba zimepangwa mstari kama mahindi. Mimi Msukuma wa Didia, natambikia wazee wangu kwa pombe na unga. Jirani yangu Msumbwa wa Ushirombo, rozari haitoki shingoni. Alikuwa ananiombea kila asubuhi, nami nikamwambia aombe polepole, watu tumelala. Tuliazimana chumvi, tuliazimana moto, tukanyonyesheana hata watoto.

Mimi ndiye nilikuwa nazalisha wanawake pale. Masika yale mbuga ilijaa, njia ya zahanati ikawa maji matupu, na katekista, mwalimu wao wa dini, yuko ng'ambo. Jirani yangu akashikwa uchungu kabla ya wakati, mumewe yuko mnadani na ng'ombe. Mtoto akatoka mdogo, midomo myeusi, anapumua kwa kuiba. Mama yake hakuuliza kama atapona. Aliuliza, "Nani atambatiza?"

"Mayu, mama yangu, tupo mimi na wewe na kuku."

"Basi wewe."

"Si unasema mimi mpagani?"

"Mwaga maji. Maneno nitakwambia."

Mama mtu hata shingo hakuweza kuiinua. Nikachota maji ya mtungi, nikammwagia mtoto kichwani, nikarudia alivyonitamkia: Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Mimi sikuona kitu. Lakini yeye alitulia akalala, na mtoto nikamfunga kifuani kwangu mpaka akapata joto.

Maji yalipopungua, katekista akaja. "Ubatizo gani huu, wa mikono ya tambiko? Huyu hajabatizwa. Tutambatiza upya."

Jirani yangu akalia kuliko alivyolia siku ya uchungu. Siku zote zile alikuwa analala usingizi akijua mtoto wake ana Mungu. Sasa anaambiwa hana. Nikakaa mlangoni pake.

"Mwalimu, maji yalipojaa hukuvuka. Anayetaka kumbatiza upya huyu mtoto aanze na mimi."

Padri alipofika na pikipiki yake tulikuwa bado tunabishana. Kijana mdogo, akaniamkia vizuri, nikaitikia marahaba.

"Ulitumia maji gani, mama?"

"Ya mtungi. Ulitaka ya wapi?"

"Ukasema nini?"

Nikamwambia.

"Na uliamini?"

"Hapana."

Katekista akakohoa.

"Sasa ulitaka kufanya nini?"

"Kile mnachofanya ninyi. Si ndicho alichoniomba?"

Padri akamgeukia katekista. "Mwalimu, mtoto amebatizwa. Tukirudia tutakosea sisi. Kilichobaki ni kumpaka mafuta."

Jirani yangu akataka niwe mama wa ubatizo. Padri akasema haiwezekani, mpaka mimi mwenyewe nibatizwe. Kumbe kubatiza naweza, kusimamia siwezi. Nikamwambia dini yenu ina mambo.

"Na wewe tukubatize lini, mama?"

"Bado nawaangalia."

Jumapili ya mafuta, mama wa ubatizo waliyemchagua alininyooshea mikono mlangoni mwa kanisa nimpe mtoto. Sikumpa. Nilipita na mtoto katikati ya mabenchi, na shanga zangu za tambiko shingoni, watu wanaguna kushoto na kulia. Mbele ya padri ndipo nikampa huyo mama mtoto, nikabaki nimesimama palepale mpaka alipomaliza kumpaka.